Mwalimu mwanafunzi Kitui na Makueni: nani huketi nyuma ya darasa lake?

Kila mwaka muhula wa pili unapokaribia kufunguliwa, mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, matatu zinazoelekea Kitui, Mwingi na Wote hubeba abiria wa aina moja ambao makondakta wamekwisha kuwazoea. Ni vijana wa miaka ishirini na kidogo, viatu vyao vimeng'arishwa, nao wana sanduku la nguo, godoro lililokunjwa na mtungi mdogo wa gesi. Mkobani mna barua ya chuo inayomwomba mwalimu mkuu wa shule fulani ampokee mwenye barua kwa muhula mmoja. Hao ndio walimu wanafunzi, na safari yao ni ya mazoezi ya kufundisha.

Mazoezi haya ni sehemu ya lazima ya mafunzo ya ualimu nchini Kenya, yawe ya shahada au ya stashahada. Mwanafunzi anaweza kupita mitihani yote ya nadharia, akazijua fikra za kila mwanasaikolojia wa elimu aliyewahi kuandika kitabu, lakini asipofaulu mbele ya ubao hafuzu. Ndiyo maana muhula huu mmoja hukumbukwa na walimu hata baada ya kustaafu. Wengi husahau mada za insha walizoandika chuoni. Hawasahau darasa la kwanza lililowasimamia na kuwaamkia, wala jinsi chaki ilivyowavunjikia mkononi.

Kabla ya kutumwa nyanjani, mwanafunzi hufundisha wenzake chuoni. Somo hufupishwa kuwa la dakika chache, wenzake wakajifanya wanafunzi, mhadhiri akatazama na kukosoa, kisha mhusika akalirudia. Mbinu hii ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mapema miaka ya 1960 na Dwight Allen na wenzake, na ikaenea katika vyuo vya walimu duniani kote. Ina manufaa yake. Humfunza mtu kupaza sauti, kuugawa ubao na kutazama saa. Dosari yake ni kwamba wanaojifanya wanafunzi tayari wanalijua jibu, na hakuna hata mmoja aliyetembea kilomita sita asubuhi bila kiamshakinywa.

Akifika shuleni, mwalimu mwanafunzi hufungua faili. Humo huwamo azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula mzima wiki baada ya wiki, maandalio ya somo kwa kila kipindi, rekodi ya kazi iliyofundishwa na orodha ya alama. Andalio la somo hueleza malengo ya kipindi, zana zitakazotumiwa, hatua za ufundishaji na dakika zilizotengewa kila hatua. Kipindi cha shule ya upili ni dakika 40, na mhadhiri anayekuja kumtathmini huketi nyuma ya darasa na fomu yake, akitia alama utangulizi, uulizaji wa maswali, mwandiko wa ubaoni, matumizi ya zana na namna somo lilivyofungwa. Baadaye wawili hao huketi chini ya mti au katika pembe ya chumba cha walimu wakajadiliana. Mazungumzo hayo ya robo saa ndiyo kiini cha zoezi zima, na ndiyo adimu kuliko yote.

Utaratibu unamtaka mgeni aanze kwa kutazama. Katika siku za kwanza anatarajiwa kuketi katika vipindi vya mwalimu mwenyeji, ajue majina ya wanafunzi, aone ni nani anayejificha nyuma ya mwenzake, kisha apewe vipindi vichache huku mwenyeji akibaki darasani. Haya ni maelezo ya kwenye karatasi. Katika shule nyingi za Ukambani, ratiba humsubiri mgeni ikiwa imekwisha kujazwa. Mwalimu mkuu humpokea kwa mikono miwili, humuuliza masomo yake mawili, na kabla ya saa nne asubuhi kijana yuko Kidato cha Pili peke yake, akifundisha kemia kwa wanafunzi ambao hawajapata mwalimu wa somo hilo tangu Januari.

<b>Uhaba ulivyoanza</b>

Walimu wakuu hawafanyi hivyo kwa uzembe. Mnamo 1998 serikali ilisitisha uajiri wa walimu wapya isipokuwa kujaza nafasi za waliofariki, kustaafu au kuacha kazi. Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa kuwa bila malipo na watoto wakafurika madarasani. Mwaka huo huo ndipo ilipoundwa Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, CDF, ambayo fedha zake zilijenga shule nyingi za upili za kutwa, hata katika vijiji ambavyo havikuwa na shule ya upili hapo awali. Mwaka wa 2008 ukaleta ruzuku ya karo katika shule za upili za kutwa. Madarasa yalijengwa kwa miezi michache, lakini mwalimu hafinyangwi kama tofali.

Kitui ina upana wa takriban kilomita mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa mujibu wa sensa ya 2019. Makueni, iliyomegwa kutoka wilaya ya zamani ya Machakos mnamo 1992, ina takriban kilomita mraba 8,000 na watu 987,653. Katika eneo pana namna hiyo, hasa upande wa Kitui, mtoto hawezi kutembea hadi shule kubwa iliyo mbali, kwa hivyo shule ndogo zimetapakaa. Shule ndogo yenye mkondo mmoja huhitaji mwalimu wa kila somo sawa na shule kubwa, ilhali idadi ya walimu wanaotumwa hutegemea idadi ya wanafunzi. Pengo hujazwa na walimu walioajiriwa na bodi ya shule kwa fedha za wazazi, na mvua ikikosa kunyesha fedha hizo nazo hukauka. Januari 2023 madarasa ya Sekondari Msingi yalianzishwa ndani ya shule za msingi, na uhaba ukapanda ngazi moja zaidi.

Kwa hivyo mwalimu mwanafunzi huonekana kama mvua ya ghafla. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 hairuhusu mtu ambaye hajasajiliwa na tume hiyo, TSC, kufanya kazi ya ualimu, na mantiki yake kwa mwanafunzi wa chuo ni kwamba afundishe chini ya uangalizi wa mwalimu aliyesajiliwa. Uangalizi huo unapogeuka kuwa saini tu mwishoni mwa muhula, sheria hubaki karatasini.

Hasara yake haionekani upesi. Darasa lina mwalimu, kelele imekoma, wazazi wameridhika. Lakini mtu anayejifunza kazi peke yake hujifunza pia makosa yake, na kuyarudia hadi yakawa desturi. Kosa la kawaida zaidi ni swali la "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" na somo husonga mbele. Mwalimu mzoefu aliyeketi nyuma angeona kwamba nusu ya waliotamka ndiyo walikuwa wakichora pembeni mwa daftari. Angeona pia kwamba kijana huuliza wanafunzi wale wale watatu wa dawati la mbele, kwamba huzungumza na ubao akiwa amewapa wanafunzi mgongo, kwamba wasichana wa upande wa dirishani hawajatajwa jina wiki nzima. Haya huonekana katika siku moja na hurekebishwa katika wiki moja. Yasiporekebishwa, humfuata mtu kwa miaka thelathini ya kazi.

<b>Mhadhiri na lami</b>

Jicho la pili lililotegemewa ni la mhadhiri. Vyuo vikuu huigawa nchi katika kanda na kuwapa wahadhiri orodha za shule. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, kiko karibu na shule za eneo hili. Kilianza mwaka wa 2008 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali palipokuwa Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mnamo Machi 2013, na kina kitivo cha elimu. Lakini wanafunzi wa vyuo vya mbali pia huja, wengi wao kwa sababu nyumbani kwao ni hapa na hawawezi kumudu kupanga chumba kwingine. Mhadhiri wao hutoka Nairobi, Eldoret au Njoro, ana siku chache, orodha ndefu na marupurupu ya kubana.

Barabara ya lami inayotoka Kibwezi hadi Kitui kupitia Ikutha na Mutomo imewapunguzia kazi. Zamani mtu aliyetaka kutoka Kibwezi hadi Mutomo alijiandaa kwa vumbi la siku nzima, na mito ya msimu ilipofurika alisubiri ipungue. Hata hivyo, ukiiacha lami kuelekea Mutha, au kutoka Mwingi kwenda Tseikuru, au ukapanda mikondo ya milima ya Mbooni wakati wa matope, hesabu hubadilika. Shule tatu kwa siku huwa shule moja. Wanafunzi wa chuo wanalijua hilo na wengi huomba nafasi katika shule za kando ya barabara. Hivyo shule iliyo hatua chache kutoka kituo cha matatu hupata walimu wanafunzi zaidi ya mmoja, na ile iliyo ndani kabisa, yenye uhaba mkubwa zaidi, ikangoja bure.

Ni haki kutaja pia kwamba ukaguzi wa ghafla haupo tena tangu simu ya mkononi ilipoenea. Mhadhiri akionekana akishuka garini katika shule ya kwanza, ujumbe huwa umefika shule ya nne kabla hajamaliza kunywa chai ya mwalimu mkuu. Siku hiyo andalio la somo huandikwa kwa wino wa rangi mbili na chati mpya hubandikwa ukutani. Alama zinazotokana na kipindi kama hicho hupima uwezo wa mtu siku ya sherehe. Siku nyingine zote alizokuwa peke yake hazipimwi na yeyote.

<b>Lugha ya darasa la chini</b>

Kwa wanaojifunza kufundisha shule za msingi kuna jambo jingine. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976, sera imependekeza kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutumika mwaka wa 2019 uliendeleza nafasi ya lugha za kiasili katika gredi za mwanzo. Vijijini Kitui na Makueni lugha hiyo ni Kikamba. Kijana wa Kisii au Kakamega aliyetumwa Gredi ya Kwanza huko Kyuso hujikuta akifundisha kwa Kiswahili na Kiingereza watoto ambao lugha hizo wanazisikia redioni tu.

Mwenye kujua Kikamba naye si kwamba amevuka. Wengi wamesoma kwa lugha nyingine maisha yao yote na hawajawahi kuandika ukurasa mmoja wa Kikamba. Maandishi yake hutofautisha irabu saba, kwa hivyo ĩ si i, na ũ si u. Mwalimu mwanafunzi anayeandika ubaoni bila alama hizo huwafunza watoto maandishi ambayo kitabu chao hakiyatambui.

Lakini ukaribu wa lugha hizi ni hazina kwa anayeujua. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ngeli katika Kathonzweni hana haja ya kuanza na jedwali. Watoto tayari husema mũndũ na andũ, mũtĩ na mĩtĩ, kĩndũ na syĩndũ. Akiandika kando yake mtu na watu, mti na miti, kitu na vitu, darasa huona kwamba somo lililoonekana gumu wamelijua tangu kunyonya. Vivyo hivyo, akielewa kwamba Kikamba hakina sauti ya r, hatamcheka mtoto anayetamka "kalatasi". Atamfanyisha mazoezi ya sauti. Maarifa ya aina hii hayamo katika faili la chuo. Huyatoa mwalimu mwenyeji wa miaka mingi, kama ana nafasi ya kukaa na mgeni wake.

Hali ya zana ni hiyo hiyo. Vyuo hudai zana, na vijana hutumia fedha zao kununua manila na kalamu za rangi. Ilhali nje ya darasa kuna ndengu za kuhesabia, vifuniko vya soda, ukindu na mkonge wa kusukia vyondo wenye ruwaza za kufundishia jometri. Kaunti hizi mbili zinajulikana kwa mabwawa ya mchanga, yaani kuta fupi zinazojengwa kukinga mito ya msimu ili mchanga ukusanyike na kuhifadhi maji ndani yake. Somo la sayansi kuhusu uchujaji wa maji au uvukizaji lingeweza kufanyiwa hapo, kwa kuchimba shimo la kina cha mkono na kutazama maji yakijaa. Wanafunzi wangemfundisha mwalimu nusu ya somo hilo.

<b>Fimbo, njaa na kalenda</b>

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kimwili na unyanyasaji wa kiakili. Kijana aliyefundishwa hayo chuoni huenda akakuta fimbo juu ya kabati la chumba cha walimu, na mwenzake mzee akamwambia kwamba bila hiyo darasa halitamsikia. Huu ni mtihani ambao mhadhiri hautungi. Anayeishika fimbo hiyo hujiweka katika hatari ya kufunguliwa mashtaka kabla hajapata hata nambari ya TSC. Onyo hilo lahusu pia uhusiano na wanafunzi. Tofauti ya umri kati ya mwalimu mwanafunzi na msichana wa Kidato cha Nne ni ndogo, lakini Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 haipimi tofauti hiyo, na waraka wa TSC wa 2010 kuhusu ulinzi wa wanafunzi uliweka wazi wajibu wa kuripoti.

Kisha kuna njaa. Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Muhula wa pili huangukia msimu mkavu na wa baridi, na msimu wa mvua ulioutangulia ukifeli, kama ilivyotokea kwa misimu kadhaa mfululizo katika ukame wa 2021 na 2022, mwalimu mwanafunzi hugundua kwamba kipindi cha baada ya saa sita hufundishika pale tu ambapo sufuria ya muthokoi au ya mahindi na maharagwe imepakuliwa. Yeye mwenyewe hana mshahara. Hulipa chumba sokoni, hununua maji ya mtungi yanayoletwa kwa punda, na chuo kimekwisha kumtoza ada ya zoezi.

Kalenda nayo huweza kumvuruga. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikurejea kikamilifu hadi Januari 2021, hivyo waliotarajia kufundisha muhula wa pili wa 2020 hawakuwa na darasa la kuingia. Mwaka wa 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13, na wiki mbili zikapotea katika zoezi lililokuwa fupi tayari.

Ni muhimu kutochanganya mazoezi haya na kazi ya walimu wanagenzi walioajiriwa na TSC. Hao huwa wamehitimu na kusajiliwa, nao hulipwa posho. Wale wa Sekondari Msingi walilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakagoma mwaka wa 2024 baada ya mahakama kuamua mwezi Aprili kwamba mpango huo ulikiuka haki zao, na 46,000 kati yao wakapata ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Mwalimu mwanafunzi hana mkataba wala chama cha kumtetea.

Nchi nyingine zimelijibu swali la nani humtazama kwa njia tofauti. Uingereza iliamua mwaka wa 1992 kwamba wanaosomea ualimu wa shule za upili kwa mwaka mmoja baada ya shahada watumie wiki 24 kati ya 36 shuleni, chini ya mwalimu aliyetengewa kazi ya kuwalea. Ufini ina shule za mazoezi zinazoendeshwa na vyuo vikuu vyenyewe. Kenya nayo haikuwa mgeni wa fikra hii. Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka wa 1925, iliwafunza walimu ambao kazi yao ilikuwa kuzuru shule za vijijini na kuwaelekeza walimu wenzao papo hapo darasani. Na mfumo wa cheti cha P1 ulipositishwa na nafasi yake kuchukuliwa na stashahada ya miaka mitatu kuanzia 2021, moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa haja ya kumpa mwanafunzi muda zaidi wa vitendo.

Muda pekee hautoshi ikiwa mwenyeji ana vipindi zaidi ya thelathini kwa wiki na hapati senti wala hata shukrani ya maandishi kwa kumlea mgeni. Wako wanaofanya hivyo kwa hiari. Katika shule kama hizo mwalimu mkuu hukataa kumpa mgeni zaidi ya masomo yake mawili, na mkuu wa idara huingia darasani kwake bila taarifa mara moja kwa wiki, akaketi dawati la nyuma, akaondoka na karatasi yenye mambo mawili ya kurekebisha. Gharama yake ni dakika 40. Vyuo vingeweza kuipa karatasi hiyo uzito katika alama za mwisho, maadamu aliyeiandika alimwona mwanafunzi mara nyingi kuliko mhadhiri yeyote.

Muhula wa pili hufungwa mwanzoni mwa Agosti. Mwalimu mwanafunzi humkabidhi mwalimu wa zamu vitabu vya shule, rekodi ya kazi na orodha ya alama, wanafunzi humwimbia wimbo wa kumuaga, naye hufunga godoro lake na kurudi sokoni kusubiri matatu. Shule hufunguliwa tena kabla ya Agosti kwisha au mapema Septemba. Kwenye ratiba ya Kidato cha Pili, mbele ya somo la kemia, jina lake hufutwa na nafasi ikabaki wazi hadi mwingine aje na barua.